Sarafu za Kale katika Uwanja wa Shule: Somo la Kusoma Ushahidi wa Historia

Utangulizi

Mwalimu anayekwenda kufundisha katika shule za mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Kigoma mjini hadi Katonga na Ujiji, anaingia katika ardhi iliyopitiwa na watu wengi na fedha za aina nyingi. Si ajabu basi, mvua inapoosha udongo wa uwanja wa shule, mwanafunzi akaleta darasani kipande cha metali chenye kutu ya kijani na kuuliza: "Mwalimu, hii ni nini?" Swali hilo ni mlango wa somo. Lakini mlango huo huo waweza kumwongoza mtoto mahali pabaya, hasa siku hizi ambapo mashine za kutambua metali zinapatikana, na uvumi wa mali zilizofukiwa na Wajerumani bado unawashawishi watu wazima kuchimba usiku na mchana.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mwalimu anavyoweza kutumia sarafu za kale kufundishia historia, na kwa nini twashauri somo hilo lifanywe bila jembe na bila mashine.

Fedha zilizopita katika mwambao wetu

Kabla ya kufundisha, mwalimu hana budi kujua utaratibu wa fedha zilizotumika hapa. Cameron, msafiri wa Kiingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba katika soko la Ujiji fedha ya kawaida ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, vipande vifupi vilivyofanana na mirija ya kiko iliyovunjika. Mtu aliyetaka samaki, unga au mafuta ya mawese alilipa kwa ushanga huo.

Sarafu za metali ziliingia kutoka pwani. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa ya shaba yenye mwaka wa Hijria 1299, yaani 1881 au 1882 Miladia, na upande mmoja ina picha ya mizani. Kuanzia mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitoa pesa na rupia zake. Pesa 64 zilifanya rupia moja, na upande mmoja wa pesa hiyo uliandikwa kwa Kiarabu. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia moja ikawa heller 100. Baadhi ya sarafu za heller zilitobolewa katikati.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Fedha kutoka Ujerumani zilipokosekana, sarafu za dharura zilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli: heller 5 na heller 20, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kigoma, na waliishika hadi mwaka 1921. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ilikuwa na sarafu zake za shaba zenye tundu na nyota tangu mwaka 1887. Chini ya Waingereza zikaja shilingi na senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki: shilingi ilikuwa na simba na milima, na senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu. Mwisho, mwaka 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu za taifa letu, zenye sura ya Mwalimu Nyerere.

Mashine husikia metali tu

Mashine ya kutambua metali ina koili ya waya ambayo mkondo wa umeme hupita ndani yake na kufanya uga sumaku. Metali ikiwa karibu, mkondo mdogo huzuka ndani ya metali hiyo, nao hufanya uga wake wenyewe. Mashine ikiuhisi, hulia. Hulia kwa rupia, na hulia vilevile kwa msumari, kizibo cha soda na kipande cha bati.

Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo twapenda walimu walizingatie. Mashine hiyo haisikii ushanga. Haisikii simbi, kigae cha chungu, wala mfupa wa samaki. Mtu akizunguka Ujiji nzima na mashine, ataondoka akiamini kwamba fedha ilianza hapa siku ya kwanza ya pesa ya Sultani au rupia ya Mjerumani. Soko zima la sofi litakuwa limenyamaza chini ya miguu yake. Yaani chombo tunachochagua kutafutia ushahidi huamua historia tutakayoipata.

Tena, anayechimba kufuata mlio hutoboa shimo na kuchanganya tabaka za udongo. Sarafu ya Barghash iliyokutwa katika tabaka moja na ushanga wa sofi yaweza kutueleza kwamba fedha hizo mbili zilitumika pamoja. Sarafu hiyohiyo ikiwa mfukoni mwa mchuuzi haiwezi kusema zaidi ya kile kilichoandikwa juu yake. Ni sawa na ukurasa uliochanwa kitabuni.

Somo lenyewe

Somo lifuatalo lafaa kwa darasa la tano au la sita, kwa vipindi viwili.

Lengo: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwamba kitu cha kale hupata maana yake kutokana na mahali kilipokutwa na vitu vilivyo pamoja nacho.

Vifaa: Masanduku mawili ya mbao au mabeseni mawili, mchanga wa ziwani, shanga, simbi au makome, vigae vya chungu, vipande vya waya wa shaba, misumari, vizibo vya chupa, sarafu ya shilingi 500, sumaku moja yenye kamba, vijiko, na karatasi za kuchorea.

Matayarisho: Jaza mchanga katika masanduku yote mawili kwa tabaka tatu, bila wanafunzi kuona. Chini weka shanga, simbi na vigae. Katikati weka shanga chache pamoja na waya wa shaba uliokunjwa mviringo, uwe badala ya sarafu ya kale. Juu weka misumari, vizibo na sarafu ya shilingi 500.

Hatua ya kwanza: Gawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lipewe vijiko, nalo liondoe mchanga polepole, tabaka moja baada ya nyingine, likichora kila kitu mahali pake. Kundi la pili lipewe sumaku na kuambiwa litafute "mali" kwa haraka.

Hatua ya pili: Kila kundi liandike sentensi tano juu ya "watu walioishi katika sanduku lile", kisha lisome mbele ya darasa. Kundi la sumaku litakuwa na misumari, vizibo na sarafu mpya, kwa kuwa sarafu ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli. Shanga na shaba litakuwa limeziacha nyuma. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Aulize: "Mbona watu wenu hawakuwa na vyungu?" Wanafunzi wenyewe watagundua kwamba kosa ni la chombo walichopewa. Ndipo mwalimu aeleze kwamba sumaku huvuta hasa vitu vya chuma, na kwamba mashine, ingawa husikia shaba na fedha pia, ina upungufu wa namna ileile.

Hatua ya tatu: Fundisha kusoma mwaka wa sarafu. Chora ubaoni sarafu ya heller yenye mwaka 1909, uulize: "Je, ilidondoka mwaka 1909?" Wengi watajibu ndiyo. Waongoze waone kwamba haikuweza kudondoka kabla ya mwaka huo, bali yaweza kudondoka miaka mingi baadaye. Kulika kwa maandishi yake ni dalili kwamba ilipita mikononi mwa watu muda mrefu.

Hatua ya nne: Unganisha na hisabati. Ikiwa rupia moja ni pesa 64, na baadaye ni heller 100, robo tatu ya rupia ni pesa ngapi na heller ngapi? (Pesa 48, heller 75.)

Kazi ya nje: Watembeze wanafunzi uwanjani kwa mstari mmoja, macho chini, bila kuchimba. Kila kitu cha kale kinachoonekana juu ya ardhi kichorwe katika ramani ya uwanja na kuachwa mahali pake. Mtoto aokoaye kwa macho na penseli hahitaji jembe.

Usalama na sheria

Kabla ya kazi ya nje, kila mwanafunzi aelewe kanuni moja: kitu cha metali usichokijua usikiguse, simama, mwite mwalimu. Hilo si neno la kutishia watoto tu. Mwezi Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Wilaya ya Ngara mkoani Kagera, bomu lililipuka na kuua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Iliripotiwa kwamba mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Mikoa yetu ya magharibi imepitiwa na vita zaidi ya kimoja. Mwalimu anayemsifu mtoto kwa kuchimbua kila chenye kung'aa anamfundisha tabia ambayo siku moja yaweza kumgharimu maisha. Kitu cha kutiliwa shaka kikionekana, watoto waondolewe mahali hapo, mwalimu mkuu aarifiwe, na polisi waitwe.

Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inakataza kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni. Uwanja wa shule haumpi mwalimu ruhusa hiyo. Mtu akija na mashine yake kuomba kuchimba uwanjani, na kuahidi kugawana atakachopata, mwalimu amkatalie kwa adabu na kumpeleka kwa mwalimu mkuu. Kitu cha thamani ya kihistoria kikionekana, taarifa itolewe kwa wahusika wa mambo ya kale. Kwa shule za Kigoma na Ujiji, Makumbusho ya Dkt. Livingstone iliyopo Ujiji ni mahali pa karibu pa kuulizia.

Hitimisho

Walimu wenzetu watarajiwa, shule nyingi hazina mashine, nasi twasema hazijapungukiwa. Mtoto wa mvuvi wa Katonga anajua kwamba wavu wenye macho makubwa haurudi na dagaa, na kwamba si haki kusema ziwa halina dagaa kwa sababu ya wavu huo. Akijua hivyo kuhusu ushahidi wa historia pia, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa katika kila somo.

Maswali ya majadiliano

1. Mwanafunzi amekuletea rupia ya mwaka 1890 aliyoiokota njiani. Utamwuliza maswali gani kabla ya kuitazama sarafu yenyewe?
2. Taja vitu vitatu vilivyotumika kama fedha au kubadilishana mali ambavyo mashine ya kutambua metali haiwezi kuvigundua.
3. Andaa somo la sanduku la mchanga kwa shule isiyo na sumaku. Utatumia chombo gani badala yake ili upungufu wa chombo uonekane wazi?