SOMO: MANENO YA KUVUTA WATU NA HESABU ZA CHAMA



Kila msimu vyama vyetu hutembelewa na wasemaji: muuza mbolea, wakala wa bima, mnunuzi wa nanasi kule Kiwangwa au wa mwani kule Mlingotini, bila kumsahau mgombea wa uongozi. Wote wataka jambo moja, yaani mkutano ukubali. Kutaka hivyo si kosa. Hata sisi wakaguzi, tunapowasihi mfunge vitabu mapema, twavuta watu kwa maneno. Somo hili laeleza jinsi mvuto huo ufanyavyo kazi, ili katibu ajue la kuuliza kabla mikono haijanyooshwa.

Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba msemaji ana njia tatu: kuaminika kwake mwenyewe, hisia za wasikilizaji, na hoja. Sisi tunao mfano wa nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga adui upo, sababu ipo, na nia ipo. Uwezo na sababu ni hoja. Nia ni jambo la moyo. Naye aliyesema alikuwa mtu ambaye wananchi wamekwisha kumwamini. Njia zote tatu zilikutana katika maneno machache, na wazee wangali wayakumbuka. Tusisahau kuwa Mwalimu ndiye aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari, uliotoka mwaka 1963, ambamo umati mmoja wasikia wasemaji wawili juu ya kifo kimoja na kugeuka mara mbili kwa muda mfupi. Kila katibu angefaidika kuusoma.

Hatari huanza pale njia mbili za kwanza zinapotumiwa ili hoja isiulizwe. DECI, iliyofungwa na Serikali mwaka 2009, haikusema «tupeni fedha». Ilisema «pandeni mbegu», na malipo yakaitwa mavuno. Kwa mkulima neno hilo halihitaji maelezo, maana ameona maisha yake yote punje moja ikizaa suke. Tena waliokuwa mbele walikuwa watumishi wa makanisa, na jirani aliyelipwa mapema alikuwa shahidi wa kweli kabisa: fedha alizipata. Swali lililokosekana lilikuwa moja tu: shamba liko wapi? Halikuwapo. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata, na wale wa mwisho ndio waliobaki na stakabadhi mikononi.

Neno, basi, laweza kubeba mzigo mkubwa. Wengi husema jina la Bagamoyo latokana na «bwaga moyo». Mmoja husikia humo pumziko la mpagazi aliyefika pwani. Mwingine husikia huzuni ya mtumwa anayevushwa bahari. Herufi hazikubadilika, kilichobadilika ni msimulizi.

Sasa tuje kwenye korosho, maana hapa ndipo vyama vyetu vinapoumia. Mnunuzi wa kangomba hafiki wakati wa mnada. Huja kabla ya msimu, nyumbani hamna kitu na mtoto anaumwa. Huamkia, huketi mkekani, huuliza hali za wazee kwa majina. Kisha hutoa «msaada» wa shilingi 100,000, utakaolipwa kwa kilo 100 za korosho baada ya miezi miwili. Hadanganyi katika neno lolote, na fedha ni taslimu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mnada umefika shilingi 2,000 kwa kilo, na makato yote ni shilingi 200. Kilo 100 zingempa mwanachama shilingi 180,000. Kwa hiyo amelipa shilingi 80,000 kwa kukopeshwa 100,000 kwa miezi miwili. Katika chama cha akiba na mikopo kitozacho asilimia 2 kwa mwezi, mkopo huo ungegharimu shilingi 4,000. Lau mnunuzi angesema «riba ya elfu themanini», angefukuzwa kijijini. Alisema «msaada», akashukuriwa.

Ni haki kusema pia kwamba hotuba dhidi ya kangomba hazimfikii mtu mwenye mgonjwa. Chama kisicho na mfuko wa dharura kina hoja njema na mkono mtupu, na mnunuzi ajua hivyo. Katibu alijadili jambo hili na bodi mapema, miezi mitatu kabla ya mavuno, wala asingoje mkutano mkuu.

Zoezi kwa vikundi vya kujisomea. Chukueni tangazo moja lililobandikwa dukani au lililotoka redioni. Andikeni ni nani anayesema na kwa nini anaaminiwa. Ni neno gani lagusa moyo. Na ni tarakimu ipi imetajwa. Kisha mwanachama mmoja ayasome maneno yale yale, akiweka «mkopo» mahali pa «msaada» na «mchango» mahali pa «mbegu», na kikundi kipige kura upya. Katibu aandike matokeo ya kura zote mbili katika kitabu cha mihtasari.