Tochi ya Disko na Kibaka

Mkufunzi wetu wa kujihami anajibu barua za wasomaji.

Muuzaji kanihakikishia kuwa tochi inayowakawaka humpofusha kibaka dakika tano. Kweli?

Kakuuzia maneno.

Basi ule mwanga wa disko kazi yake nini? (Barua sita zinauliza hili, nazijibu pamoja.)

Kinachosumbua macho zaidi ni ukali wa mwanga kuliko kuwakawaka kwake. Jicho lililozoea giza likimulikwa hupoteza uwezo wake wa usiku papo hapo, na kuurudisha wote huchukua kama nusu saa. Hapo ndipo wauza tochi walipookota hadithi yao. Lakini aliyemulikwa si kipofu! Anaona vibaya, basi, na panga bado liko mkononi. Akikinga uso kwa kiganja, umekwisha.

Tena mwanga huo unakupunja wewe mwenyewe. Kila unapozimika, ni giza; humwoni mtu akitembea, unamwona yuko hapa, mara yuko pale. Mkono unaoingia kiunoni ndio uliotaka kuuona, na ndio unaokupotea. Ukiwa uchochoroni, ukuta uliopakwa chokaa unakurudishia mmweko usoni.

Ninachofundisha ni mwanga mkali usiowakawaka, machoni, sekunde moja, huku unahama ulipo. Kisha mbio na mayowe.

Mwanga huo wa disko utamwangusha mwenye kifafa?

Baadhi, ndiyo: kama 3 katika kila wenye kifafa 100. Desemba 1997 katuni ya Pokémon iliyowakawaka kwa nyekundu na buluu, mara kama 12 kwa sekunde, ilipeleka mamia ya watoto hospitalini huko Japani. Nawe unaijaribu tochi yako sebuleni, mbele ya wanao?

Na mbwa wakali?

Chukua fimbo.

Betri ya tochi yangu, ya ukubwa wa 18650, imeandikwa mAh 9900. Inatosha?

Uongo mtupu. Iliyo bora ya ukubwa huo hubeba kama 3500. Aliyekudanganya kwenye betri kakudanganya na kwenye mwanga. Halafu jaribu swichi gizani: bonyeza kali, bonyeza hafifu, bonyeza disko. Ukiwa unatetemeka utaangukia ipi?

Niitupe tochi hii, basi?

Ya nini? Mulikia mitaro na nyoka. Gari likikuharibikia usiku barabarani, iweke nyuma ya gari ikiwakawaka, madereva wakuone toka mbali. Wewe kaa nje ya lami.