Kudaiwa Fedha kwa Vitisho Mtandaoni: Mpaka Haumlindi Mhalifu

Wakazi wa Busia huvuka mpaka wa Kenya na Uganda kila siku kwa biashara, ndoa na misiba. Mawasiliano ya simu nayo huvuka, tena pasipo kukaguliwa. Katika urahisi huo wamejificha watu wanaojipatia fedha kwa kuwatisha wenzao.

Tuchukue mfano. Msichana anayeuza nguo upande wa Uganda anafahamiana mtandaoni na kijana mwenye laini ya Kenya, ambaye hajapata kumwona ana kwa ana. Baada ya wiki kadhaa za maneno matamu, anamtumia picha ya faragha. Kesho yake lugha inabadilika: “Tuma pesa kabla ya saa kumi, la sivyo baba yako ataiona.” Anatuma. Siku tatu baadaye anadaiwa tena, na safari hii ni maradufu.

Somo la kwanza ni kwamba malipo hayanunui ukimya. Mdai akiapa kuifuta picha, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakubaki na nakala. Malipo ya kwanza humfundisha jambo moja tu: kwamba unaogopa na una uwezo wa kulipa.

Somo la pili ni kwamba mkosaji ni yule anayetisha. Sheria za jinai za Kenya na Uganda huhesabu kudai mali kwa maandishi ya vitisho kuwa kosa kubwa, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 humwadhibu asambazaye picha za faragha za mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au adhabu zote mbili. Picha chafu ikiwa ni ya mtoto, kifungo chaweza kufika miaka 25 nchini Kenya na miaka 15 nchini Uganda. Kwa hiyo anayeipokea katika kundi la simu na kuwapitishia wengine asidhani kwamba yeye ni mtazamaji tu. Naye aweza kushtakiwa.

Somo la tatu ni kwamba mpaka haufuti kosa. Sheria ya Kenya humruhusu hakimu kuidhinisha hati ya kukamatwa iliyotolewa katika nchi jirani, Uganda ikiwemo. Aidha, wakuu wa polisi wa ukanda huu hushirikiana kupitia EAPCCO, umoja ulioundwa Kampala mwaka 1998.

Je, aliyetishwa afanye nini? Kwanza, asilipe, na kama amekwisha kulipa, asilipe tena. Pili, asifute chochote, ijapokuwa aibu humsukuma kufanya hivyo. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba, jina la akaunti, tarehe na saa, na ahifadhi ujumbe wa kila malipo. Tatu, akishahifadhi ushahidi, akate mazungumzo. Nne, aende kituo cha polisi kilicho karibu naye, hata kama mshukiwa yuko ng'ambo, na aombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Anayeona haya aweza kufuatana na ndugu anayemwamini, au kuomba kuhudumiwa na afisa wa jinsia yake.

Wazazi nao wana wajibu. Mtoto anayejua kwamba atapigwa akisema, atanyamaza. Na akinyamaza, ataendelea kulipa, hata kwa kuiba nyumbani. Msikilizeni kwanza, kisha mleteni kituoni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Swali la kujadiliwa barazani: picha ya jirani yako ikiingia katika simu yako leo, utafanya nini kabla haijafika kwa mtu mwingine?