Jinsi ya Kufuatilia Kiota cha Mwewe Bel-Air

Kuanzia Agosti, kiangazi kikielekea mwisho, mwewe hurudi juu ya paa za Lubumbashi. Katika miezi inayofuata hujenga, hutaga, hulea, kisha huondoka. Wakazi wa kartie ya Bel-Air humwona kila siku, lakini ni wachache wanaoandika anachofanya. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji watu wachache wenye daftari, zamu na subira.

Watu wa kawaida wameshafanya makubwa kwa njia hiyo. Huko Loch Garten, Uskoti, ndege mla samaki aitwaye balbuzard alirudi kuzaliana mwaka 1954, baada ya kutoweka kwa miongo mingi. Mwaka 1958 mwizi wa mayai aliupanda mti usiku na kuharibu kila kitu. Mwaka 1959 walinzi wake waliamua kuwaalika raia waje kumtazama kutoka mbali, huku wanaojitolea wakikesha kwa zamu. Msimu ule makinda watatu waliruka. Balbuzard hazaliani kwetu. Huja Afrika kukimbia baridi tu. Mwewe ndiye wetu, na mbinu ni ile ile: macho mengi, miguu mbali.

1. Hakikisha ni yeye

Mwewe mzima ana mdomo wa manjano, mwili wa kahawia na mkia wenye panda anaoupindapinda akigeuka hewani. Mtazame anapobeba vijiti, umfuate kwa macho mpaka anapotua. Mara nyingi ni kwenye panda la mti mrefu, kama mkaratusi. Kiota chake hujengwa kwa vijiti vikavu, na ndani yake mna vitambaa, karatasi na vipande vya plastiki alivyookota. Kunguru mwenye kifua cheupe naye hujenga kwa vijiti katika miti hiyo hiyo, kwa hiyo usiandike jina kabla hujamwona mwenye kiota akiingia.

2. Omba ruhusa

Mti una mwenyewe. Bisha hodi kwenye parseli na ueleze kwa heshima: “Papa, tunaomba kutazama ndege aliyejenga kwenye mti wako. Hatutapanda, hatutamgusa.” Mjulishe pia shefu wa kartie, maana vijana wanaosimama pembeni ya ukuta wakiwa na darubini huzua maswali. Anayejua mnachofanya atakuwa mlinzi wenu mkiwa hampo.

3. Chagueni mahali, mbaki hapo hapo

Anzeni mita 50 au zaidi kutoka mtini, jua likiwa mgongoni. Ndege akisimama ghafla kiotani, akilia mfululizo au akiwarukia, mko karibu mno: rudini nyuma mpaka atulie. Msipande mti wala msirushe drone. Mayai yakiachwa wazi juani au mvuani, kinda hufa kabla hajaanguliwa, na kunguru hahitaji muda mrefu kuyaiba.

4. Pangeni zamu

Watu wawili, kwa muda wa saa moja, jua likichomoza. Wawili wengine alasiri. Mmoja atazame, mwingine aandike. Ni afadhali zamu tatu kwa wiki zisizokatika hadi mwisho wa msimu kuliko kujazana wiki ya kwanza na kupotea. Mvua zikianza, ngurumo ya kwanza ndiyo mwisho wa zamu: radi za Katanga zinaua, na aliye chini ya mti yuko hatarini zaidi.

5. Andika ulichoona, si unachodhani

Kila zamu iwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa na majina ya watazamaji. Kisha: nani yuko kiotani, nani ameingia au kutoka, amebeba nini. Usiandike “anaatamia”, andika “ameketi chini, kichwa tu kinaonekana, dakika 40”. Maana itatafutwa baadaye, mkiweka kurasa pamoja. Na kama saa nzima haikutokea kitu, andika hivyo. Bila zamu hizo tupu hakuna atakayejua kama chakula kililetwa mara moja kwa siku au mara kumi.

6. Jua cha kutarajia

Mwewe hutaga yai moja hadi matatu, na kuyaatamia kwa wiki tano hivi. Jike ndiye hukaa zaidi; dume huleta chakula. Mkimwona akianza kuketi kwa muda mrefu tarehe 10 Septemba, kuanzia katikati ya Oktoba tazameni dalili za kuanguliwa: mzazi anasimama ukingoni, anainamisha kichwa, anachana nyama vipande vidogo. Makinda hukaa kiotani wiki sita au zaidi, kwa hiyo hao wangeruka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mtawatambua kwa mdomo mweusi na madoa meupe mwilini. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, hesabuni mwewe wanaowadaka hewani.

7. Zungumza na wafugaji

Mwewe huiba vifaranga, na mama aliyepoteza watano ana haki ya kukasirika. Usimbishie. Mshauri awafungie au awafunike kwa wavu wiki zao za kwanza. Mweleze pia kwamba mwewe hula panya na mizoga, na kwamba panya aliyekula sumu humuua ndege anayemla.

8. Kinda akianguka

Akiwa na manyoya kamili na anasimama, zuieni mbwa na watoto, kisha ondokeni. Wazazi wataendelea kumlisha. Akiwa chini barabarani, msogezeni hadi kichakani au kwenye tawi la karibu, kwa kitambaa, kwa sababu kucha zake zinachoma. Msimfuge na msimuuze.

9. Hitimisheni msimu kwa kazi

Pigeni picha kila ukurasa wa daftari, mhifadhi nakala mbili. Mnaweza pia kuingiza tarehe na idadi katika eBird, programu ya simu inayofanya kazi hata bila intaneti. Kisha rudini kwa mwenye mti, mkamwonyeshe siku kiota kilipoanza na siku kilipobaki kitupu. Mwombeni, akitaka kukata matawi au kupata kuni, afanye hivyo kati ya Aprili na Juni, na auache mti wenyewe umesimama. Mwewe hurudia mti aliofanikiwa kulea, na katika mji unaokula makaa kila siku, tarehe mlizoandika ndizo hoja yenu ya kuutetea.