Mafunzo Niliyopata Nikipiga Foili kwa Leza

1. Uchafu wenyewe ndio mali

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu Ulaya, tena mtu wa usafi kupita kiasi. Foili yetu ya dhahabu ilikuwa na unene wa mikromita 10, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa. Siku moja, bila kumwuliza mtu, niliipasha moto ndani ya chemba ya ombwe ili ing'ae. Leza ikapiga. Filamu ya kupimia protoni, ambayo hugeuka buluu zikiipitia, ikabaki karibu vilevile.

"Umetufukuzia protoni," mkuu wetu akasema.

Dhahabu haina hidrojeni. Protoni hutoka kwenye utando wa maji na mafuta ulioganda juu yake, ule ule niliouchoma. Leza ikipiga mbele, elektroni hupenya na kuchomoza nyuma ya foili, zikaacha uga wa umeme wa volti trilioni kwa kila mita. Uga huo hunyakua kwanza kilicho chepesi, nacho ni hidrojeni ya ule utando.

2. Hodi inaweza kubomoa nyumba

Nilidhani foili ikiwa nyembamba zaidi, protoni zitakwenda kasi zaidi. Ni kweli, hadi pale mwanga hafifu unaotangulia mpigo mkuu unapoipasua foili mapema. Nilipoteza wiki tatu kabla ya kukubali kwamba foili zangu zilikuwa zinakufa kabla ya wakati.

3. Andika kwa kalamu

Kila mpigo huzaa wimbi la umeme linaloweza kuzimisha kompyuta. Yangu ilizimika na vipimo vya asubuhi nzima.

4. Shangazi hupima kwa sentimita

Mwaka 2000, huko Livermore, Marekani, protoni zilifika elektronivolti milioni 58. Mwaka 2024, Dresden, Ujerumani, zikafika milioni 150, kwa leza yenye nishati ndogo zaidi kwa kila mpigo. Shangazi yangu wa Tanga, aliyemuuguza mumewe saratani, hakujali hizo milioni. Aliuliza, zikitumika kutibu, zinaingia mwilini kiasi gani. Nikamwambia: za kwanza sentimita kama 3, za sasa kama 16, ila zinazofika huko ni chache mno, na leo si kama jana.

"Sasa mgonjwa atalala mezani angoje siku nzuri?" akauliza.