Neno Lililo Sawa Baina ya Wakristo na Jirani Zao



Katika darsa yetu iliyopita kijana mmoja alituuliza swali, nasi hatukupenda kulijibu kwa pupa. Alisema: Mkristo aishikaye dini yake kweli kweli, akaamini ya kuwa Isa ni Mungu, atapatanaje na Mwislamu au Mhindu juu ya jambo lolote, asifiche itikadi yake wala asitutake sisi kuficha yetu?

Wako wajibuo upesi kwamba dini zote ni moja. Neno hili ni tamu mdomoni, lakini Mkristo mwenye ilimu ya dini yake halikubali, kama sisi tusivyolikubali. Na masikizano yaliyosimama juu yake huvunjika siku ya kwanza watu wanapoulizana wanaamini nini.

Natutazame walivyofanya Wakatoliki. Katika mwaka 1960 Papa John XXIII alimwagiza Kadinali Augustin Bea atayarishe tamko juu ya Mayahudi. Lilipofika mbele ya mkutano mkuu wa maaskofu huko Vatikano, maaskofu wa nchi za Kiarabu hawakuona sawa Mayahudi watajwe peke yao. Basi mlango ulioanza kufunguliwa kwa taifa moja ukapanuka, wakaingia Waislamu, Wahindu na Mabudha. Tarehe 28 Oktoba 1965 maaskofu 2,221 walilikubali, 88 wakalikataa, na Papa Paul VI akalitangaza. Laitwa Nostra Aetate, yaani katika zama zetu hizi.

Yatupasa tulisome kwa uadilifu. Lasema kwamba Kanisa lawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wamwabudu Mungu mmoja aliye hai, Muumba wa mbingu na ardhi, nao wasali, watoa sadaka, wafunga, na waingoja Siku ya Hukumu. Kisha lilipofika kwa Nabii Isa (A.S.) halikupita pembeni. Lilisema wazi kwamba Waislamu hawamkubali kuwa ni Mungu, bali wamtukuza kuwa ni Nabii, na mama yake Bibi Maryamu wamheshimu. Khitilafu kubwa kuliko zote baina yetu imewekwa ndani ya sifa zenyewe, wala sifa hazikuharibika. Hili ndilo jawabu la kijana wetu. Baada ya hayo tamko lazitaka pande zote mbili ziache ugomvi wa karne zilizopita, zishirikiane katika kulinda haki, tabia njema, amani na uhuru.

Lakini uadilifu huo huo watulazimisha kusema lililopungua. Mtume wetu (S.A.W.) hakutajwa humo kwa jina, wala Qur'ani haikutajwa. Hatutaki Mkristo akiri utume wake, kwani akikiri kwa moyo amekwisha kuwa mwenzetu katika dini. Twataka amtaje tu. Sala na saumu zilizosifiwa zina aliyetufundisha, na mwenye kutaka kumjua jirani yake hawezi kuliruka jina alisikialo katika kila adhana.

Waislamu nao wamefanya sehemu yao. Mwezi wa Septemba 2006 hotuba ya Papa Benedict XVI huko Regensburg iliwaudhi wengi. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Oktoba 2007, wanavyuoni na wakubwa wa Kiislamu 138 walimpelekea yeye na viongozi wa makanisa mengine waraka, jina lake limetolewa katika Sura ya Aal Imran, aya ya 64. Msingi wake ni kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Askofu Mkuu wa Canterbury, Rowan Williams, alipoujibu katika mwaka 2008, hakuuficha Utatu. Aliueleza, ili tujue asemacho hata tusipokikubali. Jibu kama hilo twalipenda kuliko sifa kumi zisizo na maelezo.

Na hapa petu? Mwishoni mwa mwaka 1999 makanisa, Waislamu na Wahindu walikaa pamoja katika nyumba ya Ufungamano, Nairobi, wakidai Katiba itengenezwe na raia. Hakuna aliyeulizwa itikadi yake. Lakini miaka ikapita, likaja suala la Makadhi, na katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010 wakubwa wengi wa makanisa waliwaambia watu wao waikatae Katiba. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali haifai kuipa dini moja mahakama. Hoja hii si ya kudharauliwa, ingawa twaiona imesahau mapatano ya mwaka 1963 juu ya pwani yetu.

Tena tujilaumu nafsi zetu. Wangapi katika sisi tulimweleza jirani Mkristo kwamba Kadhi hahukumu ila ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na hayo ni kwa Waislamu watupu waliokubali wenyewe kwenda kwake? Wengi wetu tulikasirika tu, tukadhani hasira ni dalili.

Darsa ijayo tutasoma kifungu cha 170 cha Katiba, neno kwa neno. Mwenye jirani Mkristo apendaye kusikiliza na kuuliza, na aje naye.