Kifungashio cha Bidhaa na Mazingira ya Kisiwa: Somo kutoka Fumba

Kila kinachouzwa dukani kina sehemu mbili: bidhaa yenyewe na kile kilichoifunga. Bidhaa hutumika ikaisha, kifungashio hubaki. Zamani huko Unguja samaki walibebwa katika pakacha la makuti na halua ilitiwa katika vikapu vidogo vya ukili. Vitu hivyo huoza vikarudi ardhini. Plastiki haiozi hivyo. Jua huivunja vipande vidogo, lakini vipande hivyo hudumu miaka mingi.

Katika somo hili tutachunguza jinsi duka linalouza bidhaa kwa chapa yake lenyewe linavyoweza kuchagua kifungashio chenye madhara machache. Mfano wetu ni Fumba, rasi iliyo kusini-magharibi mwa Unguja, ambako viwanda na mji mpya vimejengwa karibu na Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 1997.

Tatizo la kisiwa

Ardhi ya Fumba ni mawe ya matumbawe ya kale, yenye nyufa na matundu mengi. Maji ya mvua hupenya upesi hadi kwenye maji ya visima. Kwa hiyo kufukia taka ovyo ni hatari. Taka zinazokusanywa Unguja hupelekwa jaa la Kibele. Zisizokusanywa husombwa na mvua na upepo hadi baharini.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini katazo la Bara lililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa havikuguswa. Basi mnunuzi aweza kwenda sokoni na kikapu cha ukili, akarudi nacho kimejaa pakiti za plastiki. Si yeye aliyezichagua. Aliyezichagua ni mwenye chapa. Muuza viungo wa Darajani anayebandika jina la duka lake kwenye pakiti ya karafuu ana uwezo huo, nao ni mkubwa kuliko wa mnunuzi.

Kanuni tatu za kuchagua

1. Kifungashio kilinde bidhaa. Harufu ya karafuu hutokana na mafuta yanayogeuka mvuke, hasa yujenoli. Karatasi tupu hupitisha unyevu na mvuke huo, na karafuu hupoteza thamani. Chakula kikiharibika, jasho la mkulima na mafuta ya kukisafirisha yamepotea pamoja nacho. Basi karatasi si jawabu la kila bidhaa.

2. Kifungashio kiwe kidogo kwa kulinganisha na bidhaa. Chukua boksi la mchemraba lenye upande wa sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 125, na eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 150. Boksi la upande wa sentimita 10 lina ujazo wa 1,000 na eneo la 600. Ili kufunga ujazo huo huo kwa maboksi madogo tungehitaji maboksi 8, yenye eneo la jumla 1,200, yaani mara mbili. Lakini wengi hununua kidogo kidogo kwa sababu ya kipato. Njia yetu ya asili, kupima kwa kibaba kutoka chombo kikubwa na kumtilia mteja katika chombo chake, inatatua mambo yote mawili.

3. Kifungashio kiwe cha aina moja ya malighafi. Pakiti inayong'aa ndani mara nyingi ni tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja. Hulinda vizuri, lakini kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Chupa ya kioo yenye kifuniko kizuri huhifadhi harufu na hutumika tena, ingawa ni nzito kusafirisha.

Jaribio

Vifaa: chupa ya maji ya plastiki yenye alama ya 1, kifuniko chake, beseni la maji na tone la sabuni.

Kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko. Vitie majini pamoja na sabuni, uvikoroge ili viputo vya hewa viondoke. Kipande cha chupa kitazama, kwani densiti yake ni takribani 1.38. Cha kifuniko kitaelea, kwani kwa kawaida vifuniko hutengenezwa kwa polietilini au polipropilini, ambazo densiti zake hazifikii 1.

Viwanda vya kurejeleza plastiki hutumia mbinu hii hii. Sasa fikiri: lebo ya plastiki ya PVC nayo huzama. Huchanganyika na vipande vya chupa, na inapopashwa moto hutoa asidi inayoharibu mali yote. Lebo ya polipropilini ingeelea na kuondolewa kwa urahisi. Uamuzi mdogo wa mwenye chapa huokoa, au huharibu, kazi ya watu wengi walio mbele yake.

Maswali

1. Kwa nini plastiki inayoelea huweza kufika mbali baharini?
2. Pima uzito wa pakiti tupu za bidhaa tatu, kisha ulinganishe na uzito wa bidhaa ulioandikwa juu yake. Ipi ina kifungashio kingi zaidi kwa kila gramu 100 za bidhaa?
3. Duka la ushirika la shule yenu linataka kuuza mdalasini kwa chapa yake. Pendekezeni kifungashio, mkieleza mtakachopata na mtakachopoteza.